Asidi Iliyokwisha Kwanza

"Asidi hakuna," alisema Komandante Ossufo. "Mtu wa afya kachovya karatasi yake kwenye maji ya kisima, mimi mwenyewe nimesimama pale. Rangi haikugeuka. Unataka nini tena, Inspetora?"

Inspetora Rachida alikuwa anatazama bakuli la bati lililofunikwa plastiki kwenye pembe ya meza. Ndani mlikuwa na mabaki ya mihogo na mifupa ya samaki. Huo ndio ushahidi wote waliokuwa nao juu ya Somoe, mjane wa Mshamu fundi visima. Alimpelekea mumewe chakula cha asubuhi, mume akala, akashuka kisimani kwa tajiri Rafique, akapandishwa maiti. Basi! Kwa hilo walikwenda kumtoa mwanamke ndani ya matanga, mbele ya wakwe na majirani, wakamtia rumande.

"Nataka kujua Mshamu kafa kwa nini," alisema.

"Kwa sumu. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Sumu gani?"

"Hiyo watatuambia Pemba, makao makuu ya mkoa wetu. Msafara wa magari unaondoka baada ya adhuhuri, na huyo mwanamke atakuwemo."

Rachida alilivuta bakuli upande wake. Amewaona watu waliopelekwa mbali hivyo kwa neno la jirani. Wanarudi siku moja, hawana hatia, na nyumba zao hazina hata mlango.

"Komandante, mwanamke yuko eda."

"Eda si kinga ya sheria."

"Wala si kosa la jinai!"

Ossufo alishusha pumzi, kama mtu anayemvumilia mtoto. "Sikiliza. Rafique amekiri mwenyewe kuwa alimimina kichupa cha asidi kuondoa ukungu ukutani. Tumepima, haimo. Huyo ndiye aliyetuambia sumu ilikuwa kwenye samaki, akatoa sanda, akatoa na mchele wa matanga. Mtu mwenye heshima zake. Ana sababu gani ya kudanganya?"

"Sijasema kadanganya," alijibu Rachida, akalibeba bakuli. "Bado."

Somoe alikuwa ameketi sakafuni, amejifunika shuka jeupe mpaka kidevuni. Askari wa zamu alikuwa amemwekea birika la maji mlangoni kwa kulisukuma na mguu, kana kwamba kumkaribia tu kunaua. Rachida aliliinua birika akampelekea mkononi.

"Pole, Somoe."

"Usinipe pole, dada. Nipe mlango."

Rachida alichutama mbele yake, akafunua bakuli. "Uliweka samaki wangapi?"

"Wawili, wa kukaanga. Mmoja wake, mmoja wa Tuaibo anayemshikia kamba. Mume wangu hali peke yake. Hakuwa na tabia hiyo."

"Tuaibo kaandikisha kwamba hakula. Alikuwa amefunga sita za Mfunguo Mosi."

"Basi wa pili kamla nani?"

Wote wawili waliinama juu ya bakuli. Mifupa ilikuwa mitupu. Kichwa kimoja kilikuwa kimefyonzwa, hata macho hayakubaki. Kingine kilikuwa kizima, hakikuguswa.

Somoe alicheka kicheko kikavu. "Mshamu kuacha kichwa cha samaki? Ningekikata jikoni, siku hiyo tungegombana mpaka magharibi. Huyo aliyeacha kichwa si mume wangu."

"Nimekuelewa."

"Umenielewa, lakini wao je?" Sauti yake ilipanda. "Mimi nauza vitumbua, dada Rachida. Mji mzima wa Palma wamekula mkononi mwangu, na huyo komandante wenu kala. Jana alisimama kwenye baraza hapo nje akawatangazia watu kwamba nimemlisha mume wangu sumu. Leo hata mkinitoa, nani atapokea kitu kwangu? Mkinitoa kimyakimya mmeniua vilevile."

Rachida aliirudisha plastiki juu ya mabaki. Alichukua bakuli akatoka.

Mota, pikipiki ya kukodi, ilimteremsha kwenye uwanja wa Rafique, kando ya barabara ya Afungi. Vyumba vilikuwa vimepangana safu kwa safu, vya kuwapangisha vibarua na wapishi wa mradi wa gesi, rangi bado mbichi. Katikati kulikuwa na kisima cha wazee, kilichochongwa kwenye jiwe la matumbawe kabla hata baba yake Rafique hajazaliwa. Kilikuwa kinatoa maji kidogo, na vyumba vingi vinataka maji mengi.

Tuaibo, mwanamume wa makamo mwenye mikono iliyosuguliwa na kamba, alikuwa ameketi chini ya ukuta. Alipomwona Rachida akasimama haraka.

"Shikamoo, Inspetora."

"Marahaba. Saumu yaendeleaje?"

"Alhamdulillahi, naendelea nayo."

"Na jana asubuhi ulikuwa nayo?"

Tuaibo alitazama viatu vyake. Rachida akamwonyesha bakuli.

"Vichwa viwili, Tuaibo. Mshamu hakuwa akiacha kichwa. Ebu niambie, nani kala samaki huyu? Jini?"

"Inspetora..."

"Mwanamke anapakiwa gari leo! Unakaa hapa unalinda nini?"

Yule bwana aliketi tena, akafunika uso. Alikuwa amekwisha kujitapa msikitini, mbele ya wenzake, kwamba mwaka huu sita zote anazimaliza mfululizo. Jana njaa ikamshinda, harufu ya samaki ikammaliza. Akala. Baadaye polisi walipouliza, wenzake wa msikitini walikuwa wamemzunguka, akaona haya.

"Haya!" Rachida alishindwa kujizuia. "Sunna, Tuaibo, si faradhi! Mungu hakukulazimisha kuifunga, ukaona bora umtupe mke wa rafiki yako?"

"Sikujua itafika huku. Wallahi sikujua."

"Ulikula, na ukabaki mzima."

"Mzima kabisa. Hata tumbo halikunisokota."

"Haya, nieleze kila kitu tangu mwanzo. Alishukaje?"

"Nilimfunga kamba kiunoni, kama siku zote. Rafique alitaka akwangue jiwe huko chini, maji yafunguke. Alipofika alisema, 'Tuaibo, kifua kinabana.' Nikadhani anatania. Kamba ikawa nzito. Nikavuta, nikaita watu, tukamtoa. Amekwisha."

"Mlishusha kibatari kwanza?"

Tuaibo alimtazama kwa mshangao. "Kibatari cha siku hizi? Tulishusha simu ya Rafique, tochi yake kali. Yeye mwenyewe ndiye aliyetupatia. Iliwaka mpaka chini kabisa, tukaona hadi maji. Tukasema salama."

Rachida alifumba macho. Wazee wa pwani hii, kila kisima cha zamani wanakiteremshia moto. Moto ukizimika, mtu hashuki. Sasa watu wamebaki na nusu ya desturi. Wanakumbuka kushusha mwanga, wamesahau kwamba kilichokuwa kinapima ni mwali.

"Simu haivuti hewa, Tuaibo," alisema taratibu. "Nitafutie kibatari."

Walikifunga kwenye kamba wakakiteremsha. Kilipita sehemu ya juu ya kisima, penye ukuta mweusi wa ukungu. Kilipita pale ukuta ulipogeuka ghafla kuwa mweupe, jiwe bichi, limelika vishimo vishimo. Mjusi mfu alikuwa anaelea majini. Kisha mwali ukalala, ukawa wa buluu, ukazimika. Rachida alipiga fundo kwenye kamba, akaendelea kushusha mpaka chombo kikagusa maji, akapiga fundo la pili. Walipopima kati ya mafundo hayo, zilikuwa mita mbili. Mshamu alikuwa mrefu wa kawaida. Amesimama, asingefika mita mbili hata kwa kofia.

Tuaibo alichungulia ndani. "Kuna nini humo?"

"Hewa isiyofaa. Juzi jioni, kabla ya kazi, ulinusa nini hapa?"

"Harufu kali, ya kuchoma pua. Nilimuuliza Rafique, akasema dawa ya ukungu."

Rafique mwenyewe alikuwa anakuja, kanzu nyeupe, tasbihi mkononi, tabasamu limemtangulia. Hakungoja kuulizwa. Alitoa chupa tupu ya lita moja, ile ya dawa ya kusafishia vigae, akampa Rachida.

"Hii hapa, Inspetora. Sifichi kitu. Lita moja, basi. Na maji yamepimwa, asidi haimo. Mimi kifo cha Mshamu kimeniumiza kuliko unavyodhani. Wanawake wa siku hizi, tunalala nao tu, hatuwajui."

Rachida aliipokea chupa ile. Alitamani kumjibu jibu la kumkaa siku zote, lakini hakuwa na ushahidi bado. Alipanda mota akamwambia dereva ampeleke shule ya sekondari.

Profesora Neusa alikuwa katikati ya kipindi. Alizaliwa hapahapa kwenye ghuba ya Tungue, na Kireno cha kitabu kikiwashinda wanafunzi, huwageuzia Kiswahili bila kuomba radhi. Rachida alimweleza mlangoni kwa sauti ya chini. Neusa aliitazama chupa, akasoma nguvu ya asidi kwenye karatasi yake, akarudi ubaoni. Alifuta swali la kitabu, lile la viwanda ambavyo hakuna mtoto aliyewahi kuviona, akaandika:

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

"Jiwe la matumbawe likikutana na asidi," alisema, "linachemka mapovu. Mapovu hayo ni hewa ya ukaa. Ni nzito kuliko hewa yetu, ikiwa shimoni hukaa chini. Mtu akiingia humo, anazama pakavu. Lita moja ya asidi hii ina moli kama kumi. Itatoa gesi kiasi gani? Nadia, njoo."

Msichana alikuja na chaki. "Asidi moli kumi, gesi moli kumi."

"Mbili iliyo mbele ya HCl umeipeleka wapi? Umeila?"

Darasa likacheka. Nadia alifuta haraka. "Asidi mbili zinatoa gesi moja. Moli tano, profesora."

"Ndiyo. Na kwa joto letu hili, kila moli ya gesi inajaza lita ishirini na nne. Zidisha."

"Lita mia na ishirini."

Rachida alisogea mbele. "Sakafu ya kisima ni mita moja ya mraba. Itafika juu kiasi gani?"

Nadia alipiga hesabu, akaonyesha kwa vidole viwili alivyovitenga kidogo. "Sentimita kumi na mbili."

Kifundo cha mguu! Kichupa cha Rafique kisingemuua hata kuku. Rachida akienda na hesabu hiyo kwa Ossufo, atakuwa amemfunga Somoe kwa mikono yake mwenyewe. Nje jua lilikuwa linapanda, na adhuhuri haimsubiri mtu.

"Kichupa ni maneno yake tu," alisema ghafla. "Kibatari mimi nimekiona kwa macho yangu. Tupige hesabu kinyume. Leo, baada ya siku nzima, gesi bado imesimama mita mbili. Hizo ni lita elfu mbili. Nipeni asidi iliyozitoa."

Darasa zima liliinamia madaftari. Hata wale wa nyuma waliokuwa wanasinzia walinyanyuka. Majibu yalianza kurushwa, moja baada ya jingine, Neusa akikubali hili na kulikataa lile. Elfu mbili gawanya kwa ishirini na nne, moli themanini na tatu za gesi. Asidi mara mbili yake, mia na sitini na sita. Lita moja ni moli kumi.

"Lita kumi na sita nukta sita," alisema Nadia. "Kwa uchache."

"Kwa uchache, maana nyingine imeshavuja," alisema Neusa. "Hiyo si chupa, Inspetora. Hilo ni dumu."

"Lakini maji yamepimwa. Asidi haimo. Hoja hiyo ndiyo Komandante anayonipiga nayo usoni."

Neusa aligeukia darasa. "Mama anapika wali wa nazi. Ana gunia la mchele na nazi moja. Kipi kitakwisha kwanza?"

"Nazi!"

"Ukiingia jikoni baadaye, ukatafuta nazi usiione, utasema haikukunwa?"

"Hapana!"

"Asidi yote hiyo inahitaji kilo nane za jiwe, tisa tukizidisha. Kisima kizima ni jiwe. Asidi imekwisha yote, mpaka tone la mwisho. Karatasi ile ingegeukaje rangi? Reagente limitante, Inspetora. Kile kilicho pungufu hakiachi masalio. Wakubwa hawa wote walikaa madarasani kama haya, wakayasahau mtihani ulipokwisha!"

Rachida alikuwa ameshafika mlangoni. Aligeuka akawaambia, "Ahsanteni, wanangu," akatoka mbio.

Ossufo hakutaka kuja kisimani. Alikuja baada ya Rachida kumwambia kwamba hatasaini hati ya kumsafirisha mtu, na bila sahihi ya mpelelezi gari litaondoka tupu. Msafara ulikuwa tayari umepanga magari barabarani. Majirani walijaa uwanjani, na ndugu wa Mshamu walikuwa mbele, nyuso zimekaza.

Rachida aliteremsha kibatari mbele ya wote. Kilizimika palepale kwenye fundo. Kisha akaeleza, kwa maneno ya kawaida, nini kimekaa mle ndani na kilitoka wapi.

"Hesabu za watoto wa shule," alisema Rafique akicheka, ingawa tasbihi yake ilikuwa imesimama. "Mimi nimesema lita moja. Chupa nimetoa. Unataka nini?"

"Nakuamini," alisema Rachida.

Ossufo alimgeukia. "Unamwamini?"

"Ndiyo. Lita moja hutoa gesi ya kufika hapa." Aliinama akagusa kifundo cha mguu wake. "Haimdhuru mtu. Basi, bwana Rafique, shuka."

Rafique aliacha kucheka.

"Nishuke wapi?"

"Kisimani. Tuaibo atakushikia kamba. Mshamu alishuka ukimtazama, ukampa na simu ya kumulikia. Maji ni ya magotini. Chukua simu yako, shuka, upande, na mimi nitasaini hati sasa hivi, tena nitakuomba radhi mbele ya watu hawa."

"Mimi si fundi visima."

"Kushuka hakutaki ufundi. Vua kanzu."

Tuaibo alichukua kamba, akafungua kitanzi, akakinyoosha mbele. Rafique alikitazama kitanzi, akatazama mdomo wa kisima, akarudi nyuma hatua.

"Kwa nini unarudi nyuma?" Rachida sasa hakuificha hasira yake. "Unaogopa nini? Sumu ilikuwa kwenye samaki, umesema! Mle ndani mna samaki? Shuka!"

"Sishuki."

"Kwa nini?"

"Nitakufa!" alipiga kelele Rafique.

"Kwa lita moja?"

Kaka mkubwa wa Mshamu alisogea, na Ossufo mwenyewe akanyoosha mkono kumzuia. Rafique alikuwa anamtazama Ossufo kama mtu anayetafuta mlango, lakini Ossufo alikuwa anatazama chini.

"Madumu mawili," alisema Rafique hatimaye, kwa sauti ndogo. "Niliambiwa yanafungua mishipa ya maji. Wapangaji wanaingia wiki hii, maji hayatoshi. Sikujua yataua."

"Ulijua yanachoma pua. Ulijua ni mawili, ukasema moja. Mtu alipokufa ulijua zaidi, ukanunua sanda, ukaenda kukaa mbele kwenye matanga yake ukimnyooshea kidole mkewe." Rachida alimsogelea. "Yako wapi?"

"Stoo. Chini ya turubai la saruji."

Waliyakuta. Ossufo alimtia Rafique pingu mwenyewe, kwa haraka ya mtu anayetaka kuonekana alikuwa upande huo tangu mwanzo. Huko barabarani msafara ulipiga honi, ukaondoka bila Somoe.

Kituoni watu walikuwa wamejaa mbele ya baraza, wengine walewale wa jana. Ossufo aliwachungulia dirishani, kisha akafungua mlango wa rumande kwa upole mwingi.

"Dada Somoe, uko huru. Kuna mlango wa nyuma huku, upite kwa stara. Askari atakusindikiza nyumbani ukamalizie eda yako."

Somoe alisimama, akaliweka sawa shuka lake. "Jana mlinipitisha wapi?"

"Jana... mbele."

"Stara yangu jana hamkuiona?"

Ossufo alimtazama Rachida, akitaka msaada. Rachida alikunja mikono.

Somoe alipita katikati yao, akaenda mpaka barazani, akasimama mbele ya watu. Ossufo hakuwa na la kufanya ila kumfuata. Alisafisha koo, akasema kwamba uchunguzi umebaini, kwamba mazingira ya tukio, kwamba mamlaka imejiridhisha.

"Sema kama ulivyosema jana," Somoe alimkata. "Jana ulisema kwa Kiswahili chepesi."

Watu waliguna. Ossufo alivua kofia. "Hakumuua mumewe," alisema. "Chakula chake hakikuwa na kitu. Mimi nilikosea."

Tuaibo alijipenyeza mpaka mbele. Nyuma yake walikuwepo wenzake wa msikitini, na alijua kwamba wapo. "Na mimi nilikula chakula kile," alisema kwa sauti. "Sikuwa nimefunga. Nilikula samaki mmoja nikamwachia Mshamu wake, kisha nikanyamaza. Nisamehe, shemeji."

Somoe alichukua bakuli lake mkononi mwa Rachida, akaliosha kwenye bomba la kituo, taratibu, ndani na nje, watu wote wakiangalia. Kisha akampa Tuaibo.

"Humu ulikula na mume wangu," alisema. "Sasa libebe wewe, unitangulie njia nzima mpaka nyumbani, kila mtu akuone umelishika."